Senti Kumi ya Aoko

Mathews Ooko alikata tiketi za meli gatini Kisumu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuogopa ziwa, wala askari, wala walevi wa mwisho wa mwezi. Lakini Alhamisi hiyo, ndani ya studio ndogo ya Sheryl mpiga picha huko Nyalenda, mzee huyu wa miaka sabini na moja aliogopa senti kumi.

Si senti kumi ya kuokotwa barabarani. Ilikuwa ile ya zamani ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zikilizunguka tundu hilo. Aoko, mkewe, alifungiwa shingoni na nyanya yake akiwa mchanga ili asiugueugue. Akakua nayo, akaolewa nayo, akazaa nayo. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, Mathews aliivua kabla jeneza halijafungwa.

Kisha akafanya jambo aliloliona la busara kuliko yote aliyowahi kufanya. Alinunua kifuko laini cha plastiki, kimoja cha vile wachuuzi wanavyouza nje ya ofisi za serikali vya kutilia kitambulisho, akakikata kwa kipimo cha sarafu, akatia senti ya mkewe ndani na kuziba kingo kwa moto wa mshumaa. Akakining'iniza ukutani. Tangu hapo hakuna kidole kilichoigusa.

Na alijivuna, msimwone mnyonge. Kulikuwa na kikundi cha watu tisa wanaokusanya sarafu, wakikutana kila mwezi katika ukumbi wa kanisa, na yeye ndiye mwalimu wao. Wote aliwafundisha vifuko vile. Aliyechelewa kuvinunua alimwambia mbele ya wenzake kwamba hatunzi sarafu, anatunza takataka.

Sasa shule moja ya mjini ilikuwa imewaalika waonyeshe sarafu zao kwa siku kumi, kila moja na picha yake kubwa juu. Ndiyo sababu alikuwa kwa Sheryl.

Picha ya kwanza ilitoka nyeupe tupu, kwa kuwa plastiki ilirudisha mwanga wote wa kamera. Sheryl akazima taa ya kamera, akasogea mlangoni. Safari hii akapata mabati ya jirani na uso wake mwenyewe juu ya tundu la sarafu. Akamsihi mzee aitoe kifukoni. Mzee akakataa. Basi akainamisha taa ya meza, mwanga ukaja kwa ubavu, na hatimaye sarafu ikaonekana. Akaikuza kwenye kioo cha kamera.

"Baba, hii kijani ni ya nini?"

Mathews alijibu haraka kwamba ni plastiki tu inang'aa. Sheryl akahamisha taa upande wa pili. Mng'ao ulihama. Ukijani ulibaki palepale, ukizunguka tundu.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Miaka kumi na moja alikuwa akiangalia mng'ao wa kifuko kila asubuhi na kudhani anaangalia sarafu. Akataka kurudi nyumbani, akasema kesho, akasema macho yanamuuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani huikumbuka methali akiwa yeye ndiye mgonjwa? Sheryl hakubishana naye. Alimuuliza nani kikundini anazijua metali, akaomba simu yake na kumpigia Byron, mmoja wa wale tisa, fundi wa maabara huko Maseno.

Byron aliwasili saa nane na chupa ya asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, mkobani. Akainua kifuko kwenye mwanga, akakitazama pande zote mbili.

"Mzee, hii plastiki laini inatoa jasho," alisema. "Joto ya hapa, na unyevu ya ziwa. Hiyo jasho inakula shaba pole pole. Kila siku ikikaa ndani, inakula."

Akamwonya asipake ndimu wala kusugua kwa jivu kama sufuria, akampa mkasi. Mathews aliushika, kisha akauweka mezani. Aliogopa vibaya sana. Aliogopa kukata na kukuta uji wa kijani badala ya kitu kilicholala kifuani mwa Aoko maisha yake yote.

"Aoko nilimzika mara moja," alisema. "Hii nyingine sitaweza."

Byron akamsogezea mkasi tena. Mwishowe akakata mwenyewe. Harufu kali ya plastiki ikatoka, na sarafu ikateleza mkononi kama sabuni. Byron akaipokea na kuitia katika glasi ya asetoni. Ukijani ukaanza kuachia. Mathews alikuwa amegeukia mlango, akihesabu mabati ya jirani.

Ilipotolewa, upande wa pembe za ndovu ulikuwa mzima. Akashusha pumzi. Byron akaigeuza. Upande wa taji, uliokuwa umelala ukutani, ulikuwa umeliwa mashimo mashimo kama uso wa aliyeugua ndui, na jina la mfalme halikusomeka tena. Mzee alipapasa yale mashimo kwa kidole gumba, huku machozi yakimtoka.

Byron alimhurumia. Akamweleza kwamba yapo makasha ya plastiki ngumu yasiyotoa jasho. Watatia sarafu humo, upande mbaya waulaze juu ya kadi, mzuri uangalie watu, na hata wenzao hawatajua.

Mathews aliwaza kicheko cha wale tisa, akaona aibu mpaka masikioni. Kisha akawaza kuta zao, na vifuko alivyowanunulisha kwa maneno yake mwenyewe, vikining'inia hivi sasa kwenye joto. Akaigeuza sarafu upande wa mashimo, akamsogezea Sheryl chini ya taa.

"Piga huu."

Sheryl alipiga. Picha ilitoka safi, kila shimo likionekana. Akauliza chini yake aandike nini, kwa kuwa wenzake walikuwa wameandika mwaka na jina la mfalme.

"Andika: Senti kumi ya Aoko. Imeharibiwa na mume wake, akiilinda. Mwenye kifuko kama changu afungue leo."