Salfa ya Upepo

Msimu ule wa kupulizia mikorosho niliingia darasani kila siku mabega yakiniwaka moto. Nilikuwa kidato cha tatu, Newala. Asubuhi na mapema baba alibeba mashine ya kupulizia mgongoni, nami nikamfuata na ndoo ya salfa, maana unga ule wa njano wa kuzuia ukungu hushika vizuri majani yakiwa bado na umande. Kila alipochutama nimjazie, akijua upepo utachukua sehemu yake, alisema neno lilelile:

"Ongeza kidogo, mwanangu. Ya upepo."

Mwalimu wetu wa kemia, mgeni kutoka Kagera, alikuwa ametupa sisi tulioanguka mtihani nafasi moja ya mwisho: swali moja, ubaoni, mbele ya wenzetu. Ukilikosa, unahamia mchepuo wa sanaa. Wawili walikuwa wameshakosa. Mimi nilitaka koti jeupe, kama la dada wa maabara aliyempima mama damu kule hospitali ya Mkomaindo, akatuambia kwa upole kilichomsumbua, wakati sisi tulishaanza kuwaza kaburi.

Swali langu lilikuwa la salfa. Gramu kumi na sita zimeungua zote hewani. Je, zimetoa gramu ngapi za gesi? Niliandika mlinganyo, S + O₂ → SO₂, nikahesabu chembe za kushoto na za kulia. Sawa. Gramu thelathini na mbili za salfa hutoa sitini na nne za gesi, basi kumi na sita hutoa thelathini na mbili. Hesabu ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha mkono wangu, mkono uliochoka, ukaandika jibu: thelathini.

"Mbili zimekwenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Za upepo, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Mpulizaji huyo!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata nywele zake za njano!"

Mwalimu hakucheka. Aliegemea meza, macho mazito. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa.

"Upepo ni wa shambani kwenu," alisema. "Kwenye mlinganyo hakipotei kitu. Kilichoingia kushoto kitatoka kulia, chote."

"Nifute, mwalimu?"

Alitazama ubao. Kisha akatazama wale wawili waliokosa kabla yangu.

"Nafasi ilikuwa moja, binti."

Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu. Nilirudisha chaki, nikaenda kukaa.

Kesho yake baba alichutama chini ya mkorosho, mashine mgongoni. Nilikuwa sijamwambia.

"Ongeza kidogo. Ya upepo."

"Huwa inakwenda wapi, baba?"

"Nani ajuaye? Labda kwa jirani." Akakohoa. "Jaza, mwanangu, umande unakauka."

Nikajaza, nikaongeza kidogo.