Blanketi la Mpiga Chapa

Mtaa mzima ulikuwa umelala tumboni mwa kompyuta ya mpiga chapa: wosia, barua za posa, malalamiko ya wapangaji. Kompyuta yenyewe kikongwe. Ikiwashwa hukohoa mpaka vikombe vya jirani hutikisika. Kuchapa hakukumchosha mwanamke yule. Kilichomchosha ni kulinda, kwani aliishi na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye angeweza kukaa jikoni akasoma kilichoandikwa sebuleni kupitia tundu la ufunguo.

"Wifi, barua ya nani hiyo?"

"Ya mwenyewe."

"Nauliza tu jamani!"

"Nami najibu tu."

Siku hiyo alikuwa akichapa barua ya mke wa mwalimu. Mke huyo alitaka talaka, na mwalimu hakuwa na habari. Mara akasikia ndala za wifi. Kuizima kompyuta barua ikiwa nusu hakuthubutu. Akaifunika mashine gubigubi kwa blanketi la kitandani, akamvuta wifi uani wakachambue mchele.

Aliporudi, sebule ilinuka nywele zilizoungua. Kompyuta kimya.

"Umeifunika kama mgonjwa wa homa," fundi wa kompyuta akamwambia kesho yake asubuhi, dukani kwake. "Mashine nayo inapumua, dada. Niachie, na nywila uniandikie hapa."

"Nywila siandiki. Tengeneza nikikuona."

"Mimi si mbea."

"Hata wifi yangu husema hivyo."

Fundi akacheka, akamsogezea kigoda. Mwanamke akakaa toka asubuhi hadi alasiri, kiuno kikimlaani, kope nzito kama magunia ya saruji. Fundi akatoa vumbi la kutosha kupandia mahindi, akabadilisha feni. Ilipowaka, akageuka ukutani bila kuambiwa. Mwanamke akaandika nywila.

"Siku nyingine ukiinuka, bonyeza hapa na hapa," fundi akamwonyesha. "Kioo kinajifunga. Barua inabaki palepale."

"Vidole viwili tu?"

"Viwili."

Miaka tisa ya kukimbizana na wifi! Hata nguvu za kukasirika hakuwa nazo.

Barua ya mke wa mwalimu haikuwemo; ilipotea mashine ilipozimika. Akapitia kwa mke wa mwalimu, akamweleza ukweli wote akiwa amesimama mlangoni.

"Kuna aliyeisoma?"

"Hakuna. Hata neno moja."

Yule mke akashusha pumzi, akavaa viatu.

"Basi twende kwako, nikueleze upya uchape."

Wakaenda polepole, kila mmoja amechoka kwa lake.