Viatu vya Uwanjani

"Vua viatu, dada, weka kwenye trei," askari wa uwanja wa ndege ananiambia. Nainama upesi ili asiuone uso wangu.

Baba alikuwa akifyeka majani kwenye uwanja wa ndege wa Mafia. Kijijini, habari za ndege aliulizwa yeye. Dar ni mbali kiasi gani? "Nusu saa tu," alijibu. "Hujamaliza kumenya chungwa, umefika." Sote tuliamini amepanda mara nyingi.

Nilipoumia jicho, tulipanda pamoja kwenda hospitali Dar, tukiwa na wageni waliotoka kupiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari. Mlango ulipofungwa, nilichungulia dirishani kwa jicho lililobaki zima. Chini, pale ngazi ilipokuwa, viatu vya baba vilikuwa vimepangwa vizuri kama mlangoni mwa msikiti.

Baba alikaa kando yangu, miguu ameificha chini ya kiti. Mgeni mmoja aliiona, akatabasamu. Niligeukia dirishani, nikajifanya nimelala mpaka tunatua.

Dar, lami ilikuwa ya moto. Baba alikanyaga kwa ncha za vidole. "Nyumbani usiseme, mwanangu," alininong'oneza.

Tuliporudi, majirani barazani waliniuliza mimi kama kweli ni nusu saa. Baba aliinamia kandambili zake mpya.

"Hata chungwa sikumaliza," nilisema.

Wote walicheka, isipokuwa baba. Tangu siku ile, mtu akimwuliza habari za ndege, alijibu taratibu, "Mwulizeni mwanangu. Yeye ndiye aliyepanda."