Sura Tatu kwa Jina Moja

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Tulipokuwa tunatengeneza barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, kazi yangu ilikuwa kusimamia wafanyakazi, na kushuku kulinifaa kuliko shahada yangu. Kila asubuhi niliita majina, kila mtu akajibu "Niko!", akachukua jembe lake na kwenda kuchimba mtaro.

Juma moja, jina lilelile likajibiwa na sura tatu. Jumatatu aliitika mtu mrefu. Jumanne, mfupi mwenye ndevu. Jumatano akaitika wa tatu, bila hata kukwepa macho yangu. Mwenye jina nilimjua vizuri, na hakuwa yeyote kati yao.

Nikasema moyoni, hawa wananichezea. Kapita wao, mnyapara aliyewaongoza mtaroni, nilikuwa simwamini tangu siku ya kwanza. Mtu anayemchekea kila mmoja ana lake jambo. Bila shaka alikuwa anawauzia nafasi watu waliochoka na migodi ya Salamabila. Nikalikata jina lile mbele ya wote, nikamfukuza yule wa tatu. Jina lililokatwa lisiporudishwa kabla ya jioni, mwenyewe amepoteza kazi moja kwa moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Waliweka majembe chini, mmoja baada ya mwingine, wakakaa ukingoni mwa mtaro. Kelele ningeziweza. Ukimya ule ulinitia hofu.

Kapita akaja. "Shefu, ule mutu, mama yake amekufa. Iko ku kilio. Ndugu zake ndio wanamushikia jembe. Kwetu ni vile, hata mu shamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Tulizani unajua. Nani hajue ile?"

Sikumwamini hata chembe. Nikawasha pikipiki kwenda kijijini kwao, nikiwa na hamu ya kuwaumbua mchana kweupe. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia kapita nikirudi.

Nilimkuta mwenye jina ameketi mkekani, macho yamevimba. Kando yake walikuwa wale watatu, akiwamo niliyemfukuza asubuhi, ambaye alifika kabla yangu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni ndugu. Walifanana paji la uso. Kabla sijafungua kinywa, mfiwa alisimama, akawageukia wazee.

"Muone! Shefu wetu wa kazi ametoka mbali kuja kulia mama pamoja na mimi."

Wakaniletea kiti na maji. Nikamtazama yule niliyemfukuza, nikingoja aniumbue. Akanisogezea maji karibu. Kilioni hawaleti ugomvi, na kumbe hakuwa amemwambia kaka yake lolote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema.

"Juma ijao nitarudia kazi," akanijibu. "Aksanti ya kunichungia fasi yangu." Nafasi ileile niliyoikata asubuhi.

Nilipoaga, yule ndugu alinifuata hadi kwenye pikipiki.

"Ile jina utairudisha?"

"Leo hii. Nakuapia."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, taratibu, jinsi nilivyozoea mimi kuwatazama watu. Kisha akapanda nyuma yangu bila kukaribishwa.

"Twende," akasema. "Nitaona na macho yangu."