Mkwe Aliyewekewa Mito Mingi

Tolomush amewavuta watu kilimani karibu maisha yake yote, na yeye mwenyewe hajawahi kuteremka. Ukitaka kumchokoza, anzia hapo. Kila majira ya baridi huwasha ile injini iliyong'olewa kwenye lori bovu, kamba ndefu ikaanza kuzunguka, na watoto wa kijiji wakaidaka kwa glavu zilizotoboka, wavutwe hadi juu ili wateleze kwenye theluji hadi chini, wengine na mbao mbili miguuni, wengine wamesimama juu ya ubao mmoja mpana. Yeye hubaki kibandani na birika lake.

"Mzee Tolo, utashuka lini na sisi?"

"Nikishuka mimi, atawapandisha nani? Bibi zenu?"

Kilima chetu si cha matajiri. Matajiri wanatupita na magari yao kwenda ng'ambo ya bonde, kwenye viti vya kuning'inia vinavyopandisha watu mlimani. Kwetu kupanda kutwa nzima ni bei ya supu na mkate, na viatu vya kukodi mara nyingine vyote ni vya kushoto. Lakini tulikuwa na Nurzat, binti wa Tolomush, ambaye akiwa juu ya ubao wake hushuka kama mbayuwayu. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wetu kuanguka bila kulia.

Mwaka mmoja, kabla ya theluji kuanguka, Nurzat aliolewa Batken, nchi ya aprikoti na vumbi. Mume hakuwa na neno. Ila mama wa mume, Toktobubu, mjane mwenye sauti ya kufungua milango, hakuwa amekubali wala kukataa bibi harusi arudi kwao kila majira ya baridi kufundisha. Alituma habari tu: "Nakuja nione kwanza ni watu wa namna gani." Akaja, na Nurzat nyuma yake, anautazama ubao wake ulioegemezwa ukutani kwa baba.

Sasa, kwetu mkwe ndiye mtani. Akifika, wanawake humpandisha punda akitazama mkia, au humshona joho kwenye zulia akisinzia. Sisi wa kilimani tunamvika mbao na kumsukuma. Jirani Uulkan, jemadari wa uchokozi wote, alishaziweka tayari mbao nyekundu. Tolomush akamwahi.

"Shemeji Uulkan, nakuomba, huyu msimguse."

"Kwani kabeba mayai?"

"Kambeba mwanangu. Mkimbwaga kwenye theluji akakasirika, Nurzat haji tena hapa."

"We unaogopa hata kamba yako mwenyewe! Mkwe bila utani ni supu bila chumvi."

"Basi tutakula hivyo hivyo, bila chumvi."

Uulkan akakubali, shingo upande.

Toktobubu akakalishwa mahali pa heshima, mbali na mlango. Akawekewa mto mgongoni, mto ubavuni, mto chini ya goti. Chai alimiminiwa na Tolomush mwenyewe, kwa mikono miwili. Yalipoletwa maini na mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo kwa desturi mkwe hulishwa kwa utani, hakuna aliyemsokomezea mdomoni, hakuna aliyempaka shavuni. Alipewa kwenye sahani, na kitambaa. Nilikuwepo pale mezani. Niliona uso wa yule mama ukikunjamana kidogo kidogo. Tolomush naye aliuona, akaongeza mto.

Kesho yake ikawa vile vile. Siku iliyofuata, asubuhi, Toktobubu akasimama, mito ikaporomoka.

"Mkwe, nimewakosea nini?"

"Hujakosea kitu, mkwe wangu, Mungu apishe mbali!"

"Nilipomwoza binti yangu mkubwa, wakwe walinipandisha fahali. Nikateguka kidole, na mpaka leo nawapenda. Nyinyi mmenilaza kama mgonjwa anayesubiri roho itoke. Asiyetaniwa hajapokelewa. Kama hamtutaki, semeni! Nimchukue bibi harusi wa mwanangu twende zetu, na huku asikanyage tena."

Tolomush akaokota mto mmoja. "Ilikuwa heshima," akasema.

"Heshima mpelekee mkuu wa wilaya. Mimi nipe utani."

"Nilisema mimi!" Uulkan akapiga kelele kutoka mlangoni, akakimbilia mbao zake.

Kijiji kizima kikatoka. Toktobubu akafungwa zile mbao nyekundu, kilemba juu, makoti mawili. Nurzat akaja kumshika mkono.

"We hapana," akasema mama mkwe. "We mwanangu, uko upande wangu. Mtani wangu ni huyu."

Akamnyooshea kidole Tolomush. Watu wakatazamana.

"Huyo?" Uulkan akaangua kicheko. "Huyo hajashuka hiki kilima tangu azaliwe!"

Macho ya Toktobubu yakang'aa. "Mvisheni."

Injini nikaishika mimi. Wakapanda wameng'ang'ania kamba, nikaizima, na kwa kuwa hapakuwa na upepo, tukasikia kila neno kutoka kule juu.

"Mkwe, fumba macho," akasema Toktobubu.

"Nikifumba nitaona nini?"

"Ndiyo maana nakwambia ufumbe."

Kisha wakaja. Mama alishuka wima kama msumari, anapiga yowe, mpaka akaingia kwenye lundo la nyasi za ng'ombe akasimama humo. Tolomush alianza kwa miguu, akageuka akawa anatazama alikotoka, akamalizia kwa makalio, ubao wake mmoja ukimtangulia. Kofia yake ilibaki katikati ya kilima.

Toktobubu alicheka hadi kilemba kikamfunika macho. Alipokisogeza, Nurzat, aliyekuwa amepanda nyuma yao, alikuwa anashuka na ubao wake, akainama akaiokota kofia bila kusimama, akapinda taratibu, akatua mbele yao. Mama mkwe akamgeukia.

"Hivi ndivyo unavyowafundisha watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yako alikushinda?"

"Alikataa shule, mama."

"Basi utakuja kila majira ya baridi mpaka huyu ajue kusimama. Nami nitakuja kumkagua."

Tolomush, bado kakaa thelujini, akafuta masharubu. "Mkwe, mimi kichwa kigumu. Itachukua miaka."

"Nimeona."

Hapo Uulkan, aliyekuwa amejizuia kupita kiasi, akachota theluji kwa mikono miwili akamtumbukizia Toktobubu shingoni, ndani ya kola.

"Ndiyo!" akapiga yowe yule mama, akiruka na mbao zake. "Ndiyo, jamani! Ndiyo!"