Jina la Anti Kwenye Simu za Watu

Anti, mdogo wake mama, alitoroka kwa mumewe kule Ahero na begi moja na jino pungufu. Mtoto alibaki kule. Akanunua laini mpya, akaanza kupika chapati mbele ya nyumba yetu Kaloleni. Mama akatuonya: mtu akiuliza, hatumjui.

Kunyamaza si kipaji changu, lakini hilo nililishika.

Shuleni tulikuwa na programu ya simu inayokwambia namba ngeni ni ya nani. Mwenyewe haulizwi. Inachungulia simu za wote walioiweka, inaona wamekusevu vipi, halafu inatangaza. Tuligundua naibu wa mwalimu mkuu anaitwa "Kuku Mayai Nyamasaria". Paredi iliyofuata, mstari wa nyuma wote ulikuwa unawika.

Jumamosi nikaingiza namba ya Anti, nikitafuta kicheko tu. Ikatoka: Mama Chapati Kaloleni Nyuma ya Kanisa.

"Anti, umekuwa staa," nikamwambia.

Akasoma mara mbili. "Nani ameandika?"

"Wateja. Si unajua watu wa huku, hawasevu jina la ubatizo. Wanasevu unachouza na pa kukupata."

"Na mtu wa Ahero anaweza kuona?"

"Mtu wa popote."

Chapati ikaungua, hakuigeuza. Ndipo akasema kwamba jana yake alipiga simu Ahero, asikie sauti ya mtoto tu. Mtoto akasema halo, yeye akakata. Namba ikabaki kule.

Niliwaandikia wenye programu waifute. Wakanishukuru kwa subira yangu, ambayo sikuwa nayo. Basi nikazunguka darasani, kisha kwa wateja mmoja mmoja: tafadhali, mumsevu Anti kama Majeneza Busia. Jamaa wa bodaboda akaniuliza kama chapati zimeanza kuua watu.

Jina likabadilika kweli. Nilijiona jasusi. Lakini kila pikipiki iliposimama langoni Anti alirudi nyuma ya pazia na unga mikononi, na hatukujua mumewe alikuwa ametazama kabla au baada. Hata mimi mizaha ilinikaukia.

Jumatano, nilipofika nyumbani kutoka shule, simu ya Anti ikaita. Namba ngeni. Akanipa, akabandika sikio karibu na langu. Nikatoa ile sauti yangu mpya, nzito.

"Majeneza Busia, tukusaidie?"

Upande wa pili mtoto alikuwa akiimba wimbo wa nasari, anarukaruka maneno. Anti akanishika mkono wa shati.

"Ndugu, nauliza tu," mwanaume akasema, polepole, kama mteja mwenye adabu. "Hapo Busia chapati pia mnapika?"

Nikakata.

Anti akamwagia makaa maji, akaingia ndani, akavuta lile begi chini ya kitanda.

"Umemsikia anavyoimba?" akaniuliza, akikunja nguo. "Sasa huo wimbo anaufikisha hadi mwisho."