Sita kwa Kila Mpira Uliovuka Ukuta

Kwa miaka miwili nilimhudumia mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Nairobi, nyumbani kwake Rayners Lane, London. Nilifika saa sita mchana, nikampa dawa, nikapika chai, kisha nikaandika kwenye daftari la zamu yote yaliyotokea. Kwa kawaida hayakuzidi mistari minne.

Kisha binti yake akachumbiwa na kijana wa Kimarekani, na baba wa kijana akasema atakuja Jumapili kusalimia na kupanga harusi. Wazee hao walikuwa wameonana mara moja tu, kwa simu ya video. Waliulizana hali ya hewa, halafu wakatazamana mpaka binti akakata simu kwa aibu. Tangu siku hiyo mzee hakuwa na raha.

"Dada, akikaa kwenye kiti hiki saa mbili bila neno, atarudi kwao aseme nini? Kwamba mwanawe anaoa kwenye nyumba ya matanga?"

Alijua jambo moja tu kuhusu mgeni: anapenda besiboli. Basi binti akamtafutia mtandaoni mechi ya zamani ya ligi kubwa ya Marekani, iliyosifika kwa wingi wa pointi. Rangi zilikuwa zimefifia na sauti ilikwaruza. Mzee akatoa kabatini daftari lake la kriketi. Ujanani alikuwa mwandishi wa alama wa klabu yao Nairobi, na hakuweza kutazama mchezo wowote bila penseli mkononi.

Tulitazama alasiri tatu mfululizo. Mpira usiopigwa, aliweka nukta. Mpigaji akizunguka vituo vyote hadi cha nne, moja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, sita, kama alivyozoea kwenye kriketi. Na katika mechi ile mipira ilivuka ukuta kama kunguru waliotupiwa mawe.

"Sita! Sita nyingine! Huyu mrushaji amekula nini leo?"

Ubao wa uwanjani ulionekana mara mojamoja. Mimi nilikuwa nautazama.

"Mzee, ubao unasema timu hii ina ishirini na kitu. Wewe umewapa sitini."

"Aliyeshika ubao amelala, dada. Mimi sijalala."

Mechi ilipokwisha, daftari lake lilionyesha kwamba timu mbili kwa pamoja zilipita mia. Akalifunga kwa fahari.

Jumapili mgeni alifika, mrefu, tai imembana shingo. Akakaa. Tukamimina chai. Akasema mvua imepungua. Mzee akakubali kwamba imepungua. Saa ya ukutani ikaanza kusikika. Nikaona mkono wa mzee ukipapasa chini ya mto wa kiti, akatoa daftari na kumkabidhi mgeni kama mtu anayewasilisha hati mahakamani.

Mgeni akavaa miwani. Alifuata nukta kwa kidole, ukurasa mmoja, wa pili. Kisha kidole kikasimama.

"Hii sita ni ya nini?"

"Mpira umevuka ukuta."

"Na vituoni kulikuwa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi ni moja."

Mzee akaweka kikombe chini. "Moja? Mtu amepiga mpira mpaka nje ya uwanja, nanyi mnampa moja?"

"Moja."

"Huo ni uchoyo!"

"Na nyinyi mnampa sita? Huyo mtu anakimbia kiasi gani?"

"Hakimbii. Anasimama tu, watu wanampigia makofi."

"Hakimbii kabisa?" Mgeni akavua tai. "Sita kwa kusimama! Huo ni wizi!"

Binti akatoka jikoni mbio na upawa mkononi. "Wanagombana?" akaninong'oneza.

"Wanahesabu," nikamjibu.

Mechi ikawashwa upya kutoka mwanzo. Mgeni alivuta kiti hadi goti lake likagusa la mzee. Yeye alitaja, mzee akafuta na kuandika, na kila sita ilipogeuzwa kuwa moja mzee aliguna kama aliyeng'olewa jino, mgeni naye akacheka mpaka akafuta machozi. Chakula kikapoa. Mwishowe binti akasimama mlangoni na kuwauliza wangependa harusi iwe mwezi gani, maana ndilo lililomleta mgeni.

Wote wawili waliinua mkono bila kugeuka.

"Subiri, mwanangu," akasema yule wa Marekani. "Kuna mtu kituo cha tatu."